Huyu Mchoraji Alisimama Wapi?

Basi likishatoka Mafinga kuelekea Makambako, kwa muda mrefu unachokiona dirishani ni mipaina. Imepangwa mistari, umri mmoja, kimo kimoja, na katikati ya mistari kuna giza. Mara nyingi kwenye safari hii hutokea abiria wa kumweleza mwenzake kwamba zamani huku kote kulikuwa msitu, watu wakaumaliza, ndipo serikali ikaamua kuurudisha. Nimeisikia habari hiyo mara nyingi mpaka nikaacha kuihoji. Tena nikaenda nayo hadi chuoni.

Mwaka wangu wa kwanza wa uzamili niliwasilisha mada fupi kwenye semina kuhusu mabadiliko ya uoto wa Nyanda za Juu Kusini. Slaidi ya pili ilikuwa na picha mbili. Kulia niliweka picha ya simu niliyopiga mwenyewe, vilima vya nyasi tupu. Kushoto niliweka mchoro wa zamani niliookota mtandaoni: milima mirefu kwa nyuma, miti minene kwa mbele, na msafara wa wapagazi wadogo kama siafu ukipita katikati. Aliyeuweka mtandaoni alikuwa ameukata kutoka kitabu fulani na kuandika neno moja tu, "Uhehe". Juu ya slaidi nikaandika "kabla" na "baada". Nilipigiwa makofi. Hakuna aliyeuliza kitu, na mimi nikaridhika.

Aliyeuliza ni babu yangu mzaa mama, kule Matamba, Makete. Nilikwenda kumsalimia likizo, na baada ya shikamoo na marahaba na habari za nyumbani nikamwonyesha ule mchoro kwenye simu, nikitegemea atasikitika kwa msitu uliopotea. Aliuangalia muda mrefu, akaisogeza simu mbali na macho, akairudisha.

"Mjukuu wangu," akasema, "huyu bwana alisimama wapi?"

Nikamwambia sijui, ni picha ya zamani.

"Nauliza kwa sababu hapa mbele yuko ndani ya miti. Kule anaona mto chini kabisa. Na milima yote anaiona kwa mpigo mmoja mpaka vileleni. Mimi nimechunga huku tangu utoto. Ukiwa ndani ya miti huoni mlima, na ukiuona mlima umeshatoka kwenye miti. Alisimama wapi?"

Sikuwa na jibu. Usiku nikaivuta picha karibu mpaka ikaanza kuvunjika vipande, na kwenye kona ya chini nikaisoma sahihi: Riou.

Sasa, Riou huyu ana habari ndefu. Édouard Riou alizaliwa Ufaransa mwaka 1833, akafa mwaka 1900. Kama umewahi kushika toleo la zamani la Jules Verne lenye picha, yumkini umeshaiona kazi yake, kwa sababu yeye ni mmoja wa waliochora Wiki Tano Ndani ya Puto na Safari ya Kwenda Kiini cha Dunia. Mwaka 1863 alichora picha za kitabu cha Louis Figuier kuhusu dunia kabla ya gharika, mojawapo ya vitabu vya sayansi kwa umma vilivyosomwa sana karne ile. Humo kuna mijusi wa baharini wa kale wakikabiliana kwenye mawimbi, mmoja akirusha maji juu kama nyangumi. Kuna pia misitu ya enzi ya makaa ya mawe ikiwa na matope na miti mirefu isiyofanana na ya leo. Kwa sisi tunaoandika sayansi kwa watu wa kawaida, huyu ni babu yetu wa aina fulani.

Halafu akachora Uhehe. Ofisa kijana wa jeshi la majini la Ufaransa, Victor Giraud, alisafiri kati ya mwaka 1883 na 1885 kutoka pwani yetu, akapita Uhehe enzi za Mtwa Mkwawa, akatokea kaskazini mwa Ziwa Nyasa, akaendelea hadi Ziwa Bangweulu na baadaye Tanganyika. Kitabu chake kuhusu maziwa ya Afrika ya ikweta kilitoka Paris mwaka 1890, kwa mchapishaji Hachette, kikiwa na picha zaidi ya 150 kutokana na michoro ya Riou, pamoja na ramani 2. Riou mwenyewe hakukanyaga Uhehe. Alikaa Paris akachora.

Sidai kwamba mchoro wangu wa slaidi ulitoka kwenye kitabu hicho. Na hapo ndipo kosa langu lilipo. Riou alichora pia misitu ya Guyana na Amazoni kwa ajili ya vitabu vya msafiri Jules Crevaux. Ukishaukata mchoro wake na kuliondoa jina la mahali, hakuna kitu ndani yake kinachokulazimisha useme hapa ni Uhehe na si Guyana. Jani ni jani. Mlima ni mlima. Mtu mdogo chini ya mti mkubwa ni mtu mdogo chini ya mti mkubwa. Nilisimama mbele ya wenzangu nikaita ushahidi kitu ambacho hakiwezi hata kutaja anwani yake.

Ningeishia hapo, niifute slaidi, yaishe. Kilichonizuia ni habari moja kuhusu maisha ya Riou: alikuwa mwanafunzi wa Charles-François Daubigny. Kama kuna mtu karne ya 19 aliyechukulia swali la babu kwa uzito, basi ni Daubigny.

Daubigny (1817 hadi 1878) anatajwa kila wanapotajwa wachoraji wa Barbizon, kijiji kilicho pembeni ya msitu wa Fontainebleau, kusini mashariki ya Paris. Hawa ndio waliotoka nje. Kabla yao mandhari ilikuwa kitu cha kutungia studio: weka magofu hapa, mchungaji pale, mti wa kuziba pembe. Wao wakasema mti una haki ya kuchorwa kama ulivyo, bila miungu ya Kigiriki chini yake. Mwaka 1863 mhakiki Jules-Antoine Castagnary akalipa kundi la wasanii wa namna hii jina la wanaturalisti. Sisi kwenye fasihi tumezoea kusema uhalisia, na kwa mazungumzo yetu linatosha, ila neno la Castagnary lina kitu cha ziada: msanii anaingia kwenye maumbile karibu kama mtafiti, anaangalia kilichopo sasa, mahali hapa, wakati wake.

Mwaka 1857 Daubigny alipata mashua, akaijengea kibanda juu yake, akaiita Botin, akawa anasafiri nayo kwenye mito ya Oise na Seine. Mwanawe Karl alikuwa baharia msaidizi. Mwaka 1862 akatoa mfululizo wa picha zilizochapwa kwa asidi, Safari kwa Mashua, na humo kuna picha moja ambayo kwa maoni yangu inajibu swali la Matamba kuliko kitabu chochote cha nadharia. Inaitwa Mashua-Studio. Tumo ndani ya kibanda. Mchoraji ametupa mgongo, anafanya kazi. Mbele yake kibanda kiko wazi na mto unaonekana kwa pale, kipande tu, kile ambacho mtu aliyeketi pale angekiona. Vitu vya safari vimebanana kuta zote mbili. Na kwenye turubai moja ameandika neno: réalisme, uhalisia.

Ni utani, bila shaka. Mfululizo wote umejaa utani. Kuna picha ya samaki wakishangilia kwamba yule baharia mdogo, adui yao, ameondoka. Kuna nyingine ambamo meli ya moshi inapita na mashua inayumba kwenye mawimbi yake. Lakini ndani ya utani ule Daubigny amefanya jambo zito: amechora mahali aliposimama. Anakuambia, mandhari zangu zote za mto umeziona kutoka hapa, kimo hiki, karibu na maji, nikiwa nimekaa. Ndiyo maana kingo za mto kwenye kazi zake ziko chini na pana, na mbingu inachukua nafasi kubwa. Ukikaa kwenye mashua, mto ndivyo unavyokuwa. Mwanasayansi angeita sehemu hiyo mbinu za utafiti.

Inafaa pia kujua picha hizi zinatengenezwaje, maana mbinu yenyewe inasaidia ukweli. Unachukua bamba la shaba, unalipaka nta nyembamba, kisha unachora juu ya nta kwa sindano. Sindano haichimbi shaba. Inaondoa nta tu, na mkono unateleza kama wa mtu anayeandika kwa kalamu. Baadaye bamba linaingia kwenye asidi ya naitriki. Pale nta ilipoondoka, asidi inaila shaba, shaba inageuka naitreti ya bluu-kijani inayoyeyuka majini, na gesi inatoka ambayo ikikutana na hewa inakuwa ya kahawia na yenye sumu. Usijaribu chumbani hosteli, tafadhali. Bamba likikaa muda mfupi mstari unakuwa mwembamba wa kijivu; likikaa zaidi mstari unakuwa mzito na mweusi. Kwa hiyo mchoraji analitoa, anaziba kwa vanishi mistari ya mbali, milima na mawingu, analirudisha ili mistari ya karibu iendelee kuliwa. Umbali kwenye picha ni dakika kwenye asidi! Mwishoni bamba linapakwa wino, linafutwa juu, wino unabaki kwenye mifereji, na karatasi yenye unyevu inaunyonya chini ya mashine ya kukandamiza.

Jambo la kushika ni kwamba mkono ulioshika sindano unaweza kuwa uleule wa jicho lililoona. Hakuna mtu wa kati. Mwaka huohuo wa 1862 Alfred Cadart alianzisha Paris chama cha wachoraji wa namna hii, na sehemu ya mvuto wake ilikuwa hiyohiyo: mstari wa msanii mwenyewe, pamoja na haraka yake na makosa yake. Daubigny anaacha mistari wazi. Jani halimalizi. Mbingu mara nyingi ni karatasi tupu. Mhakiki Théophile Gautier alimlaumu mwaka 1861 kwamba anaridhika na wazo la kwanza na kupuuza maelezo madogomadogo. Gautier hakukosea kuhusu alichokiona. Alikosea, nadhani, kuhusu maana yake. Pale Daubigny alipoacha tupu, anakiri kwamba hakuona, au mwanga haukumruhusu kuona. Sisi kwenye jedwali za data tunaandika alama ya kukosekana. Hatubuni namba.

Sasa rudi kwa mwanafunzi wake.

Picha za vitabu vya safari hazikuchapwa kwa shaba na asidi. Zilichongwa kwenye mbao ngumu, zilizokatwa upande wa mwisho wa gogo, kwa sababu mbao inaweza kuwekwa pamoja na herufi na kuchapwa kwa mpigo mmoja na maandishi. Ni rahisi, ni haraka, inafaa magazeti na vitabu vya maelfu ya nakala. Lakini angalia mnyororo. Msafiri anarudi na daftari, kumbukumbu, pengine vichoro vichache. Mchoraji wa Paris anayageuza kuwa tukio kamili. Kisha mchongaji, mtu wa tatu, anayageuza mawingu na vivuli kuwa mistari sambamba iliyopigwa kwa ustadi wa ajabu. Picha kubwa hata ilikatwa vipande, vikagawiwa wachongaji tofauti, kisha vikaungwa kwa skrubu. Ndiyo maana mara nyingi unakuta sahihi mbili, ya mchoraji kona hii na ya mchongaji kona ile. Jina la mtu wa nne, yule aliyeishi pale mlimani na ambaye angeweza kusema "hapana, mto hauko upande huo", halipo.

Mchongaji wa mbao hapendi nafasi tupu. Tupu inaonekana kama kazi haijaisha, na mteja amelipia picha iliyojaa. Kwa hiyo kila pembe inajazwa. Ukihesabu majani, Riou ana majani mengi kuliko Daubigny, mara mia. Na hapa ndipo macho yangu ya mwanafunzi wa sayansi yalipodanganyika: nilidhani wingi wa maelezo ni wingi wa kuangalia. Kumbe inaweza kuwa kinyume. Jani la Daubigny ni mikwaruzo mitatu, lakini mti wake umeinama upande fulani kwa upepo fulani. Jani la Riou limekamilika, lina ncha na mishipa, na ni jani la mimea ya bustani ya joto ya Paris kwa kadiri ninavyoweza kusema.

Riou alichukua kwa mwalimu wake vitu vizuri kabisa. Mwanga unaotoka nyuma ya milima. Ukungu unaofuta miguu ya vilima. Maji yanayong'aa katikati ya weusi. Hiyo ni shule ya mto Oise, na nakiri kwamba picha zake nyingi ni nzuri, ningetundika moja ukutani leo. Alichoacha ni mashua. Mwanga wa kuangalia akauhamishia mahali ambapo hakuangalia, na kwa kuwa mwanga ule umefunzwa kwenye maumbile halisi, unakushawishi kwamba na miti iliyo chini yake ni halisi. Hapo ndipo hatari yake ilipo kuliko ya mchoraji mbovu. Mchoraji mbovu angetuchekesha tu, tusingemweka kwenye slaidi.

Nisimwonee. Riou alipewa kazi ya kulishia familia na tarehe ya mwisho ya mchapishaji, na msomaji wa Paris alitaka Afrika iwe na msitu. Alipopelekwa kweli mahali, mwaka 1869 kwenye ufunguzi wa Mfereji wa Suez, ameiacha nchi tambarare iwe tambarare, mstari mmoja wa upeo na meli juu yake. Uwezo wa kuona alikuwa nao. Ni Uhehe tu ambako hakupewa pa kusimama. Na Giraud naye hakosi sifa: ndani ya kitabu kilekile kuna ramani zake, na ramani ile inatokana na miguu yake. Kwa hiyo kitabu kimoja kinabeba aina mbili za ukweli. Kosa letu ni kufungua ukurasa wa picha kwanza, kwa sababu ni mtamu zaidi.

Pengine unajiuliza, kwani kuna ubaya gani? Picha ya miaka 130 iliyopita, slaidi ya dakika mbili. Ubaya upo kwenye neno "kurudisha". Ukiamini kwamba vilima vya Mufindi, Njombe na Makete vilikuwa msitu, basi kupanda miti juu ya nyasi ni kurudisha. Ukijua kwamba sehemu kubwa ya nyasi za juu ni za asili na ni za zamani, basi kupanda ni kubadilisha. Ni mambo mawili tofauti kabisa, hata kama mche ni mmoja.

Siupigi vita mpaina. Shamba la Sao Hill, ambalo majaribio yake yalianza mwishoni mwa miaka ya 1930 na upandaji mkubwa ukafuata baada ya uhuru, ndilo shamba kubwa kuliko yote ya miti ya serikali nchini, na mbao na nguzo zake zimejenga nusu ya tunavyoviona barabarani. Mkulima wa Mufindi au Njombe mwenye ekari mbili za mipaina ana benki. Binamu zangu wamesomeshwa na mpaina. Lakini mpaina ule ni wa Mexico, na hakuna mchoro wa karne ya 19 utakaougeuza kuwa mwenyeji aliyerudi nyumbani. Tena kuna suala la maji. Utafiti wa miaka mingi kwenye mabonde ya mito Afrika Kusini umeonyesha kwamba mipaina ikipandwa badala ya nyasi, maji ya vijito hupungua. Kwenye safu za Kipengere na Uporoto na uwanda wa Kitulo ndiko vinakoanzia vijito vinavyolisha Usangu na Ruaha Mkuu, na chini yake wanangoja wakulima wa mpunga, wanyama wa hifadhi, na bwawa la Mtera.

Kitulo yenyewe ni shahidi bora kuliko slaidi yangu. Ramani za zamani zinauita uwanda wa Elton, kwa jina la konsuli Mwingereza aliyepita mwaka 1877. Wenyeji wanauita Bustani ya Mungu. Ulitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na kilichouweka kwenye orodha hiyo ni maua, si tembo. Kuna aina zaidi ya 350 za mimea, na kati yake aina 45 za okidi za ardhini. Mimea ya namna hii inataka jua na nyasi fupi, inajificha chini kwenye viazi vyake wakati wa baridi na moto, inachomoza mvua zikija. Baadhi yake haipatikani kwingine popote. Spishi haijitengenezi kwa miaka mia tangu mtu akate msitu. Ukikuta jamii nzima ya mimea iliyozoea uwazi, maana yake uwazi ulikuwepo muda mrefu sana. Misitu ipo pia, ndiyo, kwenye mabonde yenye unyevu na miteremko ya Rungwe na Livingstone. Ni mchanganyiko, vipande vya hiki na kile. Ndiyo sababu "kulikuwa msitu" si jibu mpaka useme mguu wako uko wapi.

Kwa wanaopenda ushahidi wa chini ya ardhi, kuna Ziwa Masoko huko Rungwe, ziwa la kreta. Watafiti, wengi wao Wafaransa, walitoa tope kwenye sakafu yake na kusoma chavua iliyotuama tabaka kwa tabaka, na makala ya mwaka 2003 ikaeleza uoto wa miaka 4200. Kichwa chake kinauliza waziwazi kama mabadiliko ni ya tabianchi au ya mkono wa binadamu. Ninapenda jinsi walivyofanya: wanasema ziwa liko wapi na liko kimo gani. Masoko iko chini sana kuliko Kitulo, kwa hiyo chavua yake inazungumza zaidi kuhusu miombo kuliko kuhusu nyasi za juu. Daubigny angewaelewa. Wameichora na mashua yao.

Kuna kisa kingine cha Fontainebleau ambacho kila nikipita Sao Hill kinanichekesha. Wasimamizi wa msitu ule walianza kupanda misonobari kwa wingi katika miaka ya 1830, kwenye sehemu za mchanga na mawe zilizokuwa wazi. Wachoraji walikasirika. Wengine walikwenda wakang'oa miche. Waliendelea kupiga kelele miaka na miaka, Théodore Rousseau akiwa mstari wa mbele, mpaka mwaka 1861 amri ya serikali ikatenga zaidi ya hekta 1,000 kuwa hifadhi ya kisanii, miaka 11 kabla ya Yellowstone. Watu wanaisimulia habari hii kama ushindi wa macho juu ya shoka, na kwa sehemu ni kweli.

Ila mimi nina shaka nao kidogo. Walichokilinda ni mialoni mikongwe na mawe, yaani vile vilivyopendeza kwenye picha. Msitu ule ulikuwa mali ya wafalme kwa karne nyingi, umepandwa na kukatwa na kuwindwa. "Asili" yao ilikuwa ladha pia. Na watu maskini waliookota kuni humo mara nyingi wanaonekana kwenye picha kama sehemu ya mandhari, migongo imeinama, bila neno la kusema. Kuwa mahali hakutoshi kukufanya uone kila kitu. Kunatoa nafasi tu ya mtu mwingine kuja kusimama palepale na kukupinga. Riou huwezi kumpinga hivyo, kwa sababu hakuna pale.

Mchoro ule nimeuondoa kwenye mada yangu, na mwalimu wangu aliponiuliza kisa nikamweleza. Akacheka, akasema hata yeye aliupenda.

Likizo iliyofuata nilipanda kwenda Matamba kwa njia ya Chimala, ile yenye kona zinazoitwa hamsini na saba. Dereva alisimama kona moja ya juu kupoza injini. Nilikuwa na penseli na daftari la maabara, nikashuka. Usangu ilikuwa chini yote, tambarare mpaka inapotea, na karibu yangu mteremko wa nyasi na kipande cha msitu kilichojibana bondeni. Nikaandika kwanza saa, kimo kilichoonyeshwa na simu, na nilikoelekea uso. Kisha nikaanza kuchora. Nilikuwa nimemaliza bonde na nusu ya tuta la kushoto ukungu ulipopanda na kufunga kila kitu. Dereva akapiga honi. Nusu ya kulia ya ukurasa imebaki nyeupe.

Jioni nilimpa babu daftari. Ninachora vibaya, nilishamwonya. Alivaa miwani, akafuata mstari wa bonde kwa kidole, akasimama kwenye lile tuta.

"Hapa ni kona ya juu, pale magari yanapopoza," akasema. "Na hili tuta ni la akina nani hii, wale wenye ng'ombe." Akaendelea kuangalia. "Mbona ng'ombe hujawaweka?"

Nikamwambia sikuwaona, ukungu ulikuja.

"Walikuwepo," akasema, akanirudishia daftari.